Karatasi ya Majibu ya Doa la Mtoto: Tuifuate na Tuielewe



Katika mikutano ya matawi huku ufukoni mwa Ziwa Mweru, tangu Kabuta mpaka Nchelenge na Kashikishi, tumezoea kuzungumza habari za mishahara, buti za kazi na saa za ziada. Lakini mkutano ukisha kufungwa, wazazi hutufuata na maswali mengine, karatasi imekunjwa mkononi. Moja la maswali hayo ni hili: mtoto alikuwa na doa jeusi, hospitalini wakakata kipande, na sasa majibu yameandikwa neno ambalo hakuna nyumbani anayelielewa. Je, mtoto ana saratani?

Sisi si madaktari, wala makala hii haichukui nafasi ya daktari. Sisi ni watu wa chama. Lakini mfanyakazi asiyeelewa karatasi ya hospitali yuko katika hali ile ile ya mfanyakazi asiyeelewa karatasi ya mshahara: huamuliwa na watu wengine, au hujiamulia kwa hofu. Kwa hiyo twapenda kueleza jambo hili hatua kwa hatua. Mambo mawili tuyashike tangu mwanzo. Kwanza, doa la mtoto mdogo mara nyingi sana si saratani, na majibu yasemayo "si ya kawaida" si sawa na majibu yasemayo "saratani". Pili, majibu yasiyofuatwa hayamsaidii mtoto hata kidogo.

DOA NI KITU GANI?

Ngozi ya kila binadamu ina seli zinazotengeneza rangi. Mweusi na mzungu wana seli hizo kwa idadi iliyo karibu sawa. Tofauti ni wingi wa rangi inayotengenezwa. Seli hizo zikikusanyika mahali pamoja, hutokea doa jeusi au la kahawia.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja huzaliwa nalo. Doa la kuzaliwa hukua pamoja na mtoto. Likiwa na ukubwa wa punje ya haragwe siku ya kuzaliwa, halitabaki hivyo mtoto akianza shule, kwa sababu mgongo wenyewe umepanuka. Huweza pia kuota nywele. Kukua kwa namna hiyo si dalili mbaya. Yako madoa makubwa mno, yanayofunika mgongo au paja zima. Hayo ni nadra, na yanahitaji kuangaliwa na daktari tangu siku za kwanza, maana hatari yake ni kubwa kuliko ya madoa madogo.

Watoto wetu wengi huzaliwa pia na alama za buluu au kijivu kiunoni na matakoni. Hizo ni kawaida kabisa kwa watoto weusi, na nyingi hufifia zenyewe katika miaka ya utotoni. Si alama za kipigo, wala hakuna aliyemroga mtoto. Tusimlaumu bibi wala yaya kwa ajili yake.

Aina nyingine ni kivimbe kidogo cha mviringo, chekundu au cheusi, kinachotokea usoni au mguuni mwa mtoto na kukua upesi kwa miezi michache, kisha kikatulia. Hicho ndicho mara nyingi huleta mashaka katika majibu, na kina historia yake.

FUNZO LA MWAKA 1948

Mwaka 1948 huko New York, daktari wa patholojia aitwaye Sophie Spitz aliandika habari za watoto 13 waliokatwa vivimbe vya namna hiyo. Patholojia ni kazi ya kuchunguza vipande vya mwili kwa hadubini. Alipovitazama, vilifanana na melanoma, ile saratani kali ya seli za rangi. Kama wangekuwa watu wazima, wengi wangetazamiwa kufa. Lakini katika watoto wale 13, aliyefariki kwa ugonjwa kuenea alikuwa mmoja tu.

Tangu hapo madaktari wamejifunza kwamba kitu kinachotisha chini ya hadubini kwa mtu wa miaka 50 huenda si cha kutisha kwa mtoto wa miaka 5. Vivimbe hivyo sasa huitwa kwa jina lake, Spitz, na vingi si saratani. Lakini yule mtoto mmoja asisahauliwe. Kwa ajili yake hatuwezi kusema kila kivimbe cha mtoto ni salama. Ndiyo maana kipande hukatwa na kupelekwa kupimwa, na ndiyo maana umri wa mtoto ni lazima uandikwe kwenye fomu. Anayesoma kipande yuko mbali, hamwoni mtoto. Mzazi aulize kabla ya kuondoka: "Daktari, umeandika umri wake, mahali doa lilipokuwa, na tangu lini lilianza?" Swali hilo si utovu wa adabu.

DALILI ZA KUMPELEKA MTOTO

Melanoma kwa watoto wadogo ni nadra sana. Kwetu sisi weusi, inapotokea, huonekana zaidi kwa watu wazima na wazee, na mara nyingi katika nyayo, viganja na chini ya kucha. Wengi mnamkumbuka mwimbaji Bob Marley, aliyekuja kuimba katika uhuru wa Zimbabwe mwezi Aprili 1980. Ugonjwa wake ulianzia kwenye kidole cha mguu, ukatambuliwa mwaka 1977, naye akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwa hiyo anayesema kwamba mtu mweusi hapati saratani ya ngozi, hasemi kweli.

Mpeleke mtoto kliniki ukiona mojawapo ya haya:

1. Kivimbe kipya kinachokua wiki hadi wiki, hata kama si cheusi. Kwa watoto, kivimbe kibaya huweza kuwa chekundu au cha rangi ya ngozi.
2. Doa linalotoka damu bila kukwaruzwa, au kidonda kisichopona.
3. Doa moja lililo tofauti kabisa na mengine yote ya mtoto huyo.
4. Mstari mweusi wa kucha unaozidi kupanuka, au ngozi ya kando ya kucha kuwa nyeusi. Mstari wa kucha kwa mtoto mara nyingi hauna hatia, lakini uonyeshwe.
5. Madoa ya zambarau au vivimbe vigumu, pamoja na tezi kuvimba. Hayo huweza kuwa saratani ya Kaposi, ambayo hapa Zambia huonekana hata kwa watoto, hasa wenye virusi vya UKIMWI. Dawa zipo, na kuchelewa ni hatari.

Mtoto mwenye ualbino naye ana mahitaji yake. Jua la ziwani humchoma mapema, na saratani ya ngozi humfuata angali kijana. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli ni kinga yake ya kila siku, na kidonda chochote kisichopona kionyeshwe haraka.

Kama mwuguzi amesema doa liangaliwe tu, mwombe aandike ukubwa wake kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Mwenye simu apige picha, sarafu ikiwa kando ya doa, na apige tena baada ya miezi mitatu. Picha mbili hizo zitamwonyesha daktari badiliko ambalo jicho la mzazi limelizoea.

TUSIKATE NYUMBANI

Wapo wanaokata doa kwa wembe, wanaolifunga uzi, na wanaolichoma kwa maji ya betri. Ndugu zetu, tuache. Wembe huleta pepopunda na usaha, na maji ya betri huacha kovu la maisha. Zaidi ya hayo, kipande kikitupwa jalalani hakipimwi tena. Na doa likiota upya juu ya kovu, hata mtaalamu hupata shida kulisoma, kwa kuwa seli za kovu na za doa zimechanganyika.

Wengine wanaogopa kinyume chake, kwamba kisu cha hospitali "kinaamsha" saratani. Si kweli. Kisu hakigeuzi doa jema kuwa baya.

KIPANDE KINAKWENDA WAPI?

Kupima huku huitwa bayopsi. Mtoto hupigwa sindano ya ganzi; mdogo asiyeweza kutulia huweza kulazwa usingizi. Inapowezekana daktari hulikata doa zima pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi. Kipande hutiwa katika chupa ya fomalini, dawa inayozuia kuoza. Chupa iwe na jina la mtoto, tarehe na mahali kilipokatwa. Kule maabara hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi ya zambarau na waridi, ndipo husomwa kwa hadubini.

Hospitali nyingi za wilaya hazina daktari wa patholojia. Mtoto wa Kabuta huenda akaonwa kwanza kituo cha afya, akapelekwa Hospitali ya St Paul's pale Kashikishi, na kipande chake kikasafiri kwenda Ndola au Lusaka. Ndola kuna hospitali ya watoto ya Arthur Davison. Lusaka kuna Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu, na jirani yake Hospitali ya Magonjwa ya Saratani iliyofunguliwa rasmi mwaka 2007. Kutoka kwetu mpaka Lusaka ni karibu kilomita 1,000. Basi mtu asishangae wiki zikipita. Lakini asije akasema, "Wamenyamaza, basi ni salama." Kimya si majibu. Chupa huvunjika, karatasi hupotea, jina huandikwa vibaya. Kabla ya kutoka hospitalini, ondoka na tarehe ya kurudi, namba ya kipande, na jina la idara ya kuulizia.

Mwenzetu mmoja wa shamba, ambalo hatutalitaja, alikatiwa binti yake wa miaka mitano kivimbe cha mguuni. Siku ya kurudi kuchukua majibu, kapitao alimnyima ruhusa kwa kuwa mavuno yalikuwa yamekaza. Siku ya pili vile vile. Miezi miwili ikapita. Nyumbani walikwisha kusikia kwa majirani kwamba aliyekatwa kipande ni wa kufa, mama akaacha biashara yake ya chisense ili akae na mtoto, na akiba ya ada ya shule ikaliwa. Karatasi ilipopatikana, ilisema kivimbe ni Spitz, kimetolewa chote. Ilikuwa imelala kabatini siku zote hizo. Safari hii karatasi ilikuwa na habari njema. Je, ingekuwa na habari mbaya, miezi ile miwili ingerudishwa na nani?

MAJIBU MANNE

Karatasi huandikwa Kiingereza kigumu, lakini maana yake huangukia katika mafungu manne.

Fungu la kwanza: si saratani. Doa la kawaida, doa la kuzaliwa, au Spitz ya kawaida. Mara nyingi shughuli imekwisha, isipokuwa kidonda kipone.

Fungu la pili: si ya kawaida. Hapa ndipo wazazi wengi huzimia. Maana yake ni kwamba seli hazikupangika kama ilivyotazamiwa, lakini hazikutimiza alama za saratani. Kwa madoa ya watu wazima, Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliyagawa katika daraja mbili, ya chini na ya juu. Kwa mtoto mdogo neno hili mara nyingi huhusu kivimbe cha Spitz chenye mashaka. Wakati mwingine mtaalamu huandika wazi kwamba hawezi kusema kitakavyoenenda. Huo si uzembe, ni ukweli. Hata wataalamu wakubwa hutofautiana juu ya kipande kimoja. Kwa hiyo hapa ni halali kuomba jicho la pili. Nta yenye kipande huhifadhiwa, na huweza kutumwa kwa mtaalamu mwingine bila kumkata mtoto upya.

Fungu la tatu: saratani. Hapa kila wiki ina thamani. Karatasi itataja unene wa uvimbe kwa milimita, na mtoto atapelekwa hospitali kubwa ili ngozi zaidi ikatwe na tezi zichunguzwe. Ikigunduliwa ingali nyembamba, nafasi ya kupona ni kubwa.

Fungu la nne: kipande hakikutosha, au kimeharibika. Hapo hujapewa jibu lolote. Kipimo kirudiwe.

Katika mafungu hayo yote, tafuta habari ya kingo. Mama anayemenya muhogo uliooza hukata mpaka afikie nyeupe pande zote. Ndivyo ilivyo hapa. "Kingo safi" maana yake kisu kilipita penye ngozi nzima. "Kingo si safi" maana yake masalio yamebaki. Kama doa ni jema, mara nyingi masalio huangaliwa tu. Kama ni la mashaka makubwa au saratani, hukatwa tena.

MASWALI YA KUULIZA

Mzazi, usitoke chumbani kwa daktari kabla ya kupata majibu ya maswali haya:

1. Kitu hiki kinaitwaje, na kiko fungu gani?
2. Kingo ni safi?
3. Kuna haja ya kukata tena? Lini na wapi?
4. Kuna haja ya mtaalamu wa pili kusoma?
5. Nirudi lini, na niangalie nini nyumbani?

Mwombe akuandikie nyuma ya karatasi kwa maneno mepesi, katika lugha unayoisoma. Omba nakala, uiweke pamoja na kadi ya kliniki. Mtoto akihamia Mansa au akivuka ziwa kwenda kwa ndugu zake Pweto, nakala hiyo aende nayo.

SHERIA INASEMA NINI?

Ndugu, siku ya kufuata majibu si fadhila ya kapitao. Sheria ya Ajira ya Zambia, Namba 3 ya mwaka 2019, kifungu cha 40, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini likizo ya malipo isiyozidi siku 7 kwa mwaka ili kumwuguza mke, mume, mtoto au anayemtegemea. Mwajiri aweza kudai cheti cha daktari, kwa hiyo cheti kiombwe hapo hapo hospitalini. Zaidi ya hizo, kifungu hicho hicho kinampa mfanyakazi siku 3 za malipo kila mwaka kwa shughuli za malezi, afya au elimu ya mtoto wake. Siku hizi hazikatwi katika likizo yake ya mwaka. Siku moja ya kwenda Kashikishi kuchukua karatasi imo ndani ya haki hiyo.

Kuhusu fedha, ada za matibabu ya msingi ziliondolewa katika wilaya za vijijini tangu mwaka 2006. Na tangu mwaka 2019 bima ya afya ya taifa hukatwa kwenye mshahara, asilimia 1 kwa mfanyakazi na asilimia 1 kwa mwajiri. Tazameni karatasi zenu za mshahara. Kama fedha inakatwa, hakikisheni majina ya watoto wenu yamesajiliwa kabla hawajaugua.

KAZI YA TAWI

Wenzetu wa msimu huondolewa kazini kabla ya kutimiza miezi sita, nao wana watoto kama sisi. Kwao karatasi ya sheria haitoshi; hapana budi siku za kumwuguza mtoto ziingizwe katika mkataba wa pamoja unapojadiliwa tena. Kila tawi liweke dai hilo mezani.

Wakati tunalidai, yako ambayo hayamngoji mwajiri. Kila tawi limchague mwenzetu mmoja anayesoma Kiingereza, awasindikize wazazi kuchukua majibu na kuuliza yale maswali matano. Katibu awe na daftari la kuandika tarehe za kurudi hospitalini, ili tarehe ikipita mtu aulizwe kwa upole: "Mama, karatasi ya mtoto imekuja?" Mfuko wa tawi usaidie nauli ya asiyenayo. Na kapitao akikataa ruhusa, mfanyakazi asigombane peke yake shambani. Aje kwa mjumbe wa tawi siku hiyo hiyo, akiwa na cheti mkononi, na mjumbe aende naye ofisini, kifungu cha 40 kikiwa kimeandikwa kwenye daftari lake.